Sindano Niliyoiahirisha Hadi Baada ya Idi

Kama leo asubuhi umeamka ukakuta kidole kimoja kimejikunja ndani ya kiganja na hakitaki kutoka, haya nimekuandikia wewe. Usikivute kwa nguvu. Mimi nilikivuta miezi mitatu, na kila nikikivuta kilifyatuka ta! kama swichi ya taa, nikadhani yameisha. Sina elimu ya udaktari na sitakueleza mambo ya mishipa. Nitakueleza yaliyonipata, sindano mbili nilizochomwa na moja niliyoikataa. Hiyo niliyoikataa ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Naitwa Zuhura. Nimezaliwa Shauri Moyo, nimeolewa Shauri Moyo, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekaanga mahamri mlangoni pangu kila asubuhi isipokuwa mwezi wa Ramadhani. Hiyo ndiyo kazi ya riziki. Kazi yangu ya pili haina malipo na wala siitafuti, huja yenyewe. Mimi huosha maiti. Mwanamke wa Kiislamu akifariki mitaa ya kwetu, tunaitwa mimi na dada yangu Halima. Mimi naosha, yeye anamwaga maji. Tulifundishwa na marehemu mama yetu, na mwili wa kwanza tuliouosha bila mtu wa kutusimamia ulikuwa wake.

Siku hiyo tulipomaliza tulikaa kwenye benchi nyuma ya msikiti, nguo zimetulowa mpaka magotini. Halima akanigeukia.

"Tusikilizane, Zuhura. Atakayebaki ndiye atakayemwosha mwenzake. Mimi sitaki kushikwa na mtu nisiyemjua."

"Na nani kakwambia utatangulia?"

"Si mimi mkubwa? Nitatangulia, na usinibishie. Na hizo kucha ukate, usije ukanikwaruza."

Tulicheka huku tunalia. Hatukuandikiana wala hatukuwa na shahidi, lakini mimi niliyachukua yale maneno kama nadhiri. Kwa hiyo kidole kilipoanza kukwama, miaka mingi baadaye, unga wa mahamri haukuwa hofu yangu kubwa. Halima alikuwa ameshaanza kuugua figo. Mara mbili kwa wiki binti yake Salma alimtoa nyumbani kwao Buruburu akampeleka kusafishwa damu kwa mashine, na kila akirudi alikuwa amepungua kidogo. Nilijua siku ile itakuja. Nilichotaka ni ije inikute na mkono.

Kilianza kidole cha kati cha mkono wa kulia, wakati wa baridi. Asubuhi nikiamka kimekunjwa. Nikikinyoosha kwa mkono wa pili, kinagoma, kinagoma, halafu kinaruka kwa maumivu yanayopanda mpaka kwenye kiwiko. Mume wangu Athumani alikiita kisu cha kukunja. Nilikichua kwa mafuta ya habasoda, nikakiloweka kwenye maji ya moto yenye chumvi, nikakifunga kitambaa. Nilimeza vidonge vya duka la dawa mpaka tumbo likawaka. Hakikusikia.

Hakuna anayekuhurumia kwa ugonjwa wa kidole, hilo ulijue mapema. Mtu akivunjika mguu analetewa maziwa na matunda. Wewe ukisema kidole, watu wanakitazama, wanaona kipo, wanaendelea na mazungumzo yao. Na huku siwezi kukamua nguo. Siwezi kufunga kifungo cha nyuma. Tasbihi inanianguka. Jambo lililoniumiza zaidi ni salamu. Kwetu mtu hukupa mkono, na kila akiubana wangu kidole kinafyatuka, naguta mbele za watu. Nikaacha kutoa mkono. Mkono wa kushoto humpi mtu, ni utovu wa adabu. Nikawa nasalimia kwa mdomo tu, mikono nimeiingiza ndani ya buibui, na baadaye nikasikia kwamba mtaani wanasema Bi Zuhura siku hizi ana majivuno.

Zahanati niliyokwenda kwanza ni ndogo, ipo juu ya duka, ngazi zake zimechakaa katikati. Mle ndani mlikuwa na benchi mbili na televisheni isiyo na sauti. Karibu nami alikaa mama mmoja fundi wa nguo wa Gikomba, gumba lake limeshika vilevile.

"Wewe pia ni cha kukwama?" akaniuliza.

"Cha kati."

"Basi umepona. Gumba ndiyo balaa. Mimi hata mkasi umenishinda. Nimeshona nguo za shule miaka yote, sasa navuta uzi kwa meno."

Tukaoneshana mikono. Yeye ndiye aliyeniambia nisiache kumwambia daktari kama nina sukari, maana dawa ya hiyo sindano huipandisha kwa siku kadhaa. Yeye anayo, na mara ya kwanza hakusema, akaishia kizunguzungu sokoni. Mimi sina, lakini nakupitishia neno lake.

Daktari alikuwa kijana mchangamfu, ananiita "mathe" kama vile mimi ndiye niliyemzaa. Akabonyeza kwenye shina la kidole, upande wa kiganja, nikaruka.

"Hapo ndipo kuna kadonge. Nakudunga hapo hapo mathe, mara moja tu. Uoga weka kando."

Dawa yenyewe ilikuwa nyeupe kama tui. Aliitikisa kichupa kwanza, akaivuta, akaniambia nitazame dirishani. Sitakudanganya, inauma. Kiganja ni mahali pa kusikia kila kitu, na ile dawa ikiingia unahisi kama mtu anapuliza puto ndani ya nyama. Lakini ni kitambo kifupi kuliko unavyodhani. Usiku wa kwanza mkono ulivimba na nilijuta. Siku ya nne nikaona maumivu yamelegea. Kabla wiki ya pili kwisha niliamka nikakuta kidole kimenyooka chenyewe juu ya mto, na nikamwamsha Athumani aje akione.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri. Mvua za vuli zilinyesha nikiwa nakanda unga wangu mwenyewe. Niliosha maiti watatu katika kipindi hicho, na kwa wote Halima alikuja kumwaga maji, ingawa kwa yule wa mwisho ilibidi tumwekee kiti. Alikuwa anamwaga huku amekaa, jagi amelishika kwa mikono miwili. Pale palipoingia sindano ngozi yangu ilipauka na kubonyea kidogo, kadiri ya mbegu ya papai. Halima alipenda kupagusa kwa kidole chake.

"Hapa ndipo ulipotiwa ufunguo," akanitania.

Januari ilipoingia na jua lake, kidole kikarudi. Hakikurudi peke yake, kilimvuta na mwenzake wa pete. Sasa vilikuwa viwili vinavyokwama, na asubuhi nyingine vilikaa vimekunjwa mpaka adhuhuri. Daktari kijana aliniambia safari hii niende nikaonwe na bingwa, akaniandikia karatasi ya hospitali kubwa ya serikali.

Kama hujawahi kusubiri pale, chukua mto wa kukalia na chupa ya chai. Foleni ya mifupa na mikono ni ndefu, na watu wake wana tabu ya kufungua vitu. Siku ya kwanza nilikaa kuanzia saa moja asubuhi, na mwanamume mmoja mwenye plasta shingoni ndiye aliyenifungulia chupa yangu, kisha akanimiminia bila kuombwa. Sijui jina lake na bado namwombea dua. Saa nane nikaonwa dakika chache na kupewa tarehe ya kurudi kwa sindano. Niliitazama ile tarehe nikaona inaangukia mwanzoni mwa Ramadhani, lakini sikusema kitu. Nilijiambia pengine mwezi utachelewa kuandama.

Mwezi haukuchelewa. Nilirudi hospitali nikiwa na saumu ya siku ya pili.

Bingwa alikuwa mama mtu mzima, mvi zimemtoka, mtu wa bara, mpole wa maneno. Alivipinda vidole vyangu kimoja kimoja, akavisikiliza kwa ncha za vidole vyake. Kisha akanieleza kwa utulivu jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza.

"Mama, dawa za kukudunga ziko za namna mbili. Ile uliyopewa, nyeupe, hufungua haraka. Lakini kwa wengi huisha mapema, vile umeona. Hii ingine ni safi kama maji. Hiyo inachelewa, unaweza kukaa wiki nyingi ukidhani nimekudanganya. Ikishika, mara nyingi inakaa zaidi. Si sheria kwa kila mtu, lakini ndivyo ninavyoona hapa. Na zikishindwa zote, tunapasua kidogo tu. Wewe una haraka?"

Nikamwambia nina mgonjwa. Nikamwambia na kazi ninayoifanya, na ahadi niliyompa dada yangu.

"Basi leo nikupe nyeupe," akasema. "Wiki mbili, utakuwa na mkono. Ile nyingine tutaifikiria baadaye."

Wiki mbili. Alinipa alichokuwa nacho, na nilichokuwa nikikiomba kwa Mungu kila sijida. Nami nikamjibu, "Daktari, nimefunga. Sindano itaniharibia saumu. Nitakuja baada ya Idi."

"Mama, hii haiingii tumboni. Ni ya kiganja."

"Mambo ya saumu niachie mimi."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Ndiyo aibu yangu yenyewe. Mimi ndiye wanawake wa mtaa wanaomjia kuuliza, hili linafaa, hili halifai. Nimekulia kwenye nyumba ambamo bibi yangu hakukubali hata tone la dawa ya jicho mchana wa Ramadhani, na nilikuwa na hakika na jambo hilo kama ninavyolijua jina langu. Halikunipitia wazo la kumuuliza ustadhi. Mtu huuliza asilolijua. Daktari akaandika tarehe nyingine, wiki moja baada ya Idi, akanipa karatasi kwa mikono yote miwili.

Nyumbani Athumani alinifungulia mlango akautazama mkono kabla ya uso.

"Umedungwa?"

"Nimefunga."

"Si ungeuliza kwanza? Ustadhi yuko hapo tu, hatua mbili."

"Athumani, unataka kunifundisha dini leo?"

Mume wangu ana tabia ya kunyamaza badala ya kugombana, na unyamavu wake huo ulikaa nasi mpaka mwisho wa mwezi. Alianza kukanda yeye chapati za futari. Zilikuwa ngumu, zina uvimbe wa unga katikati, nami nilizila hivyo hivyo.

Karibu kila siku baada ya adhuhuri nilikwenda Buruburu kukaa na Halima. Alikuwa haendi tena popote ila kwenye mashine, na akirudi alilala. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni karibu na dirisha ili aone watoto wa jirani wakicheza kamba. Sikutaka ajue kwamba vidole vimerudi. Zamani nilikuwa nikikaa upande wake wa kulia, karibu na dirisha. Nikahamia upande wa kushoto, mkono wangu wa kulia nimeuficha chini ya leso mapajani, na mkono wa kushoto nikawa namchua nao miguu. Akiniomba maji nilimwita Salma. Akiniuliza, "Kidole je?" nilimjibu, "Alhamdulillahi," ambalo ni jibu la kila kitu.

Salma ana miaka thelathini na kitu, anafanya kazi benki, na alikuwa amechukua likizo. Tulikuwa hatuelewani sana mimi naye. Hakuwahi kuingia chumba cha kuoshea hata mara moja. Tukimwita aje ajifunze alikuwa anasema, "Mama mdogo, mimi mambo ya maiti siwezi, nitazimia," na mimi nilimwona mtoto wa Buruburu aliyelelewa kwa kudekezwa. Nilimhukumu hivyo huku yeye ndiye anayembeba mama yake kumpeleka chooni.

Kumi la mwisho la mfungo lilipoingia Halima akaanza kusema maneno machache. Nilihesabu siku zilizobaki hadi tarehe yangu ya hospitali. Nilimwomba Mungu ampe uhai mpaka Idi, kisha nikaongeza, na wiki mbili baada ya sindano. Ndivyo nilivyokuwa nikiomba. Nilikuwa nampangia Mungu kalenda, ilhali ile ya daktari niliikataa mwenyewe.

Simu ya Salma iliingia saa tatu asubuhi, siku ya ishirini na sita ya mfungo. Alilia tu, nami nikajua.

Siri za chumba cha kuoshea hazisimuliwi, na za dada yangu sitazisimulia kwa mtu yeyote. Nitasema yanayonihusu mimi. Tulimleta msikitini Shauri Moyo. Walikuwepo wanawake wawili wa mtaa wa kutusaidia kumgeuza, na Salma alisimama pembeni karibu na mlango. Nilivaa glavu kwa tabu, vidole viwili vikiwa vimepinda ndani yake. Nilisema bismillahi. Nilijiambia nitatumia kiganja, nitatumia mkono wa kushoto, nitatumia chochote. Tulipofika kumtawadhisha niliunyanyua mkono wake wa kulia, nikaushika kwenye kifundo ili maji yapite, na vidole vyangu vikajifunga.

Havikufunguka. Nilijaribu kuachia nikashindwa. Maiti hushikwa kwa upole, tunafundishwa hivyo tangu siku ya kwanza, anaumia kama aliye hai, na mimi nilikuwa nimembana dada yangu kifundo cha mkono na siwezi kumwachia. Nikivuta, namvuta naye. Wale wanawake wawili walinitazama bila kuelewa.

Salma ndiye aliyetoka pale mlangoni. Hakuzimia. Alikunja mikono ya dera lake, akanijia, akavishika vidole vyangu na kuvifungua kimoja baada ya kingine, polepole, mpaka mkono wa mama yake ukatoka. Kisha akaulaza.

"Mama mdogo," akasema, "wewe mwaga maji."

Nilichukua jagi. Nikasimama alipokuwa akisimama Halima, upande wa kichwa, na nikamwaga maji kwa mkono wa kushoto huku Salma akiosha. Nilikuwa tayari kumwelekeza, lakini hakuhitaji. Alianza upande wa kulia akaja kushoto. Alijua wapi pa kufunika na wapi pa kupitisha kitambaa bila kutazama. Alijua maji ya mwisho hutiwa kafuri. Nilishangaa, na kwa aibu nakiri kwamba katikati ya msiba ule niliona wivu. Kazi ile ilikuwa yangu. Dada yangu alisema hataki kuoshwa na mwingine, na nikamwona anaoshwa na mwingine mbele ya macho yangu, kwa sababu yangu.

Alizikwa kabla ya alasiri.

Siku ya tatu, watu waliposoma hitima na kuondoka, nilimfuata ustadhi barazani. Nilimuuliza swali ambalo lingenichukua dakika mbili mwanzoni mwa mwezi. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Sindano ya dawa kwenye kiganja haibatilishi saumu, Bi Zuhura. Haina chakula ndani yake. Na hata kama ungekuwa na shaka, wewe ni mgonjwa. Ungekula siku hiyo ukailipa baadaye." Kisha akaniuliza, bila lawama yoyote, "Mbona hukuuliza?"

Nilikaa kwenye ngazi ya baraza nikalia mbele yake kama mtoto mdogo, naye akasubiri mpaka nikamaliza.

Idi ilipita sijui vipi. Nilikwenda tarehe yangu, mvua za masika zimeshaanza, nikamkuta yule daktari mwenye mvi. Aliniuliza, "Mgonjwa wako anaendeleaje?" Nikatikisa kichwa. Hakunikumbusha lolote. Alivuta kiti chake karibu, akaushika mkono wangu, akakaa nao hivyo kabla hajagusa sindano.

"Sasa haraka hakuna," nikamwambia. "Nipe ile ya kuchelewa."

Kwa hiyo, wewe uliyekuja kutafuta habari za sindano, hii hapa ya pili. Ni angavu, ukiitazama kwenye bomba utadhani ni maji ya kunywa. Kuchomwa kwake kunauma sawasawa na ile. Usiku wake sikuvimba sana. Wiki mbili zikapita hakuna kitu. Wiki ya nne bado vilikuwa vinakwama asubuhi, na niliamini kweli nimedanganywa, kama alivyonionya. Nililala na kijiti kilichofungwa kitambaa ili vidole visijikunje. Wiki ya sita nikaona vinaruka bila maumivu. Baridi ilipofika na watu wakatoa masweta, vilikuwa vimenyooka vyote viwili, na ngozi yangu haikupauka safari hii. Naandika haya baridi ikielekea mwisho na bado vimenyooka. Ningekuwa na uwezo wa kukuchagulia, ningekuambia hivi: kama kuna jambo linalokungoja, ichukue ya haraka, na uichukue siku hiyo hiyo uliyopewa. Lakini mwili wako si wangu. Muulize daktari wako, na kama una shaka ya dini, muulize anayejua dini.

Kwa muda wote huo sikwenda Buruburu. Nilimpigia Salma simu siku za Ijumaa, tukaulizana afya, basi. Athumani alinisema mara moja tu. "Yule mtoto kafiwa na mama," akasema, "na wewe umemfanya afiwe na mama mdogo pia." Alisema kweli, lakini sikwenda. Niliogopa kukiona kile kitanda kimeondolewa dirishani.

Salma alikuja mwenyewe, Jumapili moja baada ya adhuhuri. Alinikuta nakanda unga wa kesho yake. Alisimama mlangoni akanitazama mikono, na mimi bila kufikiri nikaiingiza chini ya kanga.

"Usiifiche, mama mdogo," akasema. "Mama alijua."

Nikamuuliza alijua nini.

"Ya vidole. Alijua toka mwanzo wa Ramadhani. Uliingia ukaenda kukaa upande ule mwingine. Ulipoondoka tu akaniambia, mkono wa Zuhura umeshika tena, hataweza." Alikaa kwenye kibao changu cha mbuzi ya nazi, miguu imebanana kama msichana. "Kesho yake akaniambia nimwogeshe. Nikamwambia mbona nakuogesha kila siku? Akasema hapana, leo nitakuonyesha namna nyingine. Anza upande wa kulia. Tia maji hapa. Funika hapa. Kila siku, mpaka siku ya mwisho ambayo aliweza kusema. Nilikuwa nalia, naye ananigombeza nisimdondoshee machozi."

Unga ulikuwa umeanza kukauka juu ya vidole vyangu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilimuuliza mimi pia. Alisema, 'Mwache. Anakuja kila siku akidhani ataniosha. Akijua siamini tena, atakujaje?'"

Nilitoa mikono chini ya kanga. Vidole vyote kumi vilikuwa vimenyooka, havina maumivu, vizima kabisa, vimejaa unga. Nilijifunika uso navyo nikalia, na Salma akainuka kwenye kibao akaja kunishika.